Maji ya Tangi Kwenye Chupa ya Mvua

Mama,

Njoki bado hajakusamehe. Nakuambia mapema ili usitegemee faraja kwenye barua hii, maana sina ya kukupa, na wewe mwenyewe hukupenda mtu wa kuzungukazunguka.

Ni ile chupa. Mwalimu aliwatuma watoto wapime mvua: kata chupa ya soda, geuza kichwa chake ukiingize ndani mdomo uangalie chini, bandika rula ya karatasi ubavuni, iache nje wiki nzima, uilete Ijumaa. Kazi ya mtoto wa miaka sita. Mimi nilikuwa Kileleshwa nikifua nguo za watu, na Njoki alikuwa analala kwako Mutuini, kwa hivyo nilikuachia. Wiki ile jua liliwaka hadi sukumawiki zako zikalala. Chupa ikabaki kavu. Na wewe, ambaye bakuli la jirani halikuwahi kurudi kwake tupu, hata kama ni viazi viwili tu vya kulisindikiza, ungemtumaje mjukuu wako kwa mwalimu na chombo kitupu? Ukaenda kwenye tangi. Ukaijaza pomoni. Hata kupunguza kidogo hukuona haja, Mama!

Utupu ndio uliokuwa jibu. Watoto wengine walipeleka chupa kavu wakapigiwa makofi. Ya Njoki mwalimu akaiinua mbele ya darasa. "Hii maji yote imetoka wapi? Ama huko kwenu mnaishi na Nuhu?" Walicheka hadi wengine wakalalia madawati. Mpaka leo wanamwita Gharika.

Jioni hiyo alikuambia wewe bibi yake, "Cucu, wewe ni mwongo," akakupa mgongo. Ulicheka, ukasema chapati zitamsahaulisha. Hakukusemesha tena, na Jumapili hukuamka.

Siku ya kukuzika, mchungaji alisema mama huyu hakuwahi kusema uongo maishani mwake. Njoki, amesimama kando ya jeneza na gauni lake jeupe, akajibu kwa sauti, "Alisema. Aliweka maji ya tangi." Shangazi akamfinya hadi akalia, na watu wakadhani anakulilia wewe. Mimi nilicheka. Nilificha uso kwenye leso nikacheka, kisha nikakulilia vibaya sana.

Baadaye alitengeneza chupa nyingine, peke yake, akaisimika kwenye udongo wa kaburi lako hapo Mutuini, upande wa kichwa. Kila Jumamosi tunatoka kwetu Riruta kuja kuiangalia. Anachuchumaa, anasema, "Hakuna," tunarudi. Kaka yangu akaniambia, "Si uweke tu maji kidogo, mtoto afurahi?" Damu yako hiyo. Nilimtukana matusi ambayo ungenichapia.

Jumamosi iliyopita tuliondoka Riruta kukiwa kukavu kabisa, kumbe Mutuini kumenyesha. Matope yalitaka kutuvua viatu, mabati ya nyumba yako bado yalikuwa yanadondosha maji, na chupa ilikuwa imejaa pomoni, kama ile yako. Nilifurahi. Nikasema moyoni, leo mama yangu anasamehewa.

Njoki alichuchumaa akaitazama. Kisha akanigeukia mimi.

"Ni nani ameweka?"

Nilimwonyesha matope. Nilimwonyesha mabati. Akatikisa kichwa. Akaing'oa, akaimwaga yote pale kichwa chako kilipo, akaikung'uta hadi tone la mwisho, akairudisha mahali pake tupu.

Umenifundishia mtoto kutoamini hata mvua, Mama. Nimekukasirikia, na ungeingia mlangoni sasa hivi ningekupikia chai.

Kwaheri. Ahadi yangu ni hii: sitatia ndani ya chupa hiyo hata tone, na mtu yeyote asithubutu. Nitamleta na mwavuli wake, tusimame hapo kaburini hadi mvua inyeshe aione ikiingia kwa macho yake. Mpaka siku hiyo, lala na jina ulilopewa na mjukuu wako: mwongo.