Mwanamume wa Kofia ya Manjano

Jumanne, 12 Machi 1996
Saa kumi na moja, habari kama kawaida, mbele ya kibanda cha kinyozi. Wasikilizaji tisa. Mwezi uliopita walijaa hadi barabarani. Nimesoma habari ya Bujumbura, niliyoinasa redioni jana na kuishikilia hadi redio ya pili iliposema hivyo hivyo. Ndivyo tulivyofanya kazi kituoni kwetu Burundi. Kinyozi akapiga miayo. Wenzake waliiona jana kwa Papa Kasongo, Mzaire mwenye dishi na jenereta. Habari za Ulaya kutwa nzima, kwa Kifaransa, na picha juu. Miaka kumi na moja nilibeba kamera ya televisheni. Sasa televisheni imenifuata hadi kambi hii ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kuninyang'anya wasikilizaji. Inaniuma.

Alhamisi, 14 Machi
Mama Fidès, jirani yangu, amemwona mumewe kwenye televisheni ya Papa Kasongo. Hajui alipo tangu walipopotezana wakikimbia vita. Soko la Muramvya, foleni, mwanamume wa kofia ya manjano anageuka. "Ni yeye kabisa. Ile kofia mi njo nilimununulia." Wanawake wameimba nyimbo za kanisani mlangoni kwake. Nimefurahi pia.

Ijumaa, 15 Machi
Nimeenda kuiona. Wameirudia mara mbili. Picha ni yangu. Naijua ile kona, nilisimama juu ya gari la viazi. Niliipiga mimi, kabla hatujakimbia. Waandishi wa kigeni walichukua nakala, na leo mtangazaji anasema "hali ilivyo Burundi" huku picha ya zamani ikipita. Hakuna tarehe, hakuna neno.

Mama Fidès ameuza sufuria na mablanketi. Jumatano anaondoka kwenda kumtafuta, huko kwenye risasi.

Jumamosi, 16 Machi
Nimemwambia Mama Fidès ukweli wa picha mbele ya watu. Kosa langu hilo, mambo kama hayo husemwa ndani ya nyumba. Papa Kasongo akacheka: "We iko na wivu tu. Unataka bantu barudi kusikiliza mdomo yako." Wote wakacheka. Mama Fidès hakucheka. Alinitazama kama anayetazama mchawi.

Wivu ninao. Lakini picha ni ya zamani.

Jumatatu, 18 Machi
Lilongwe. Minibasi, kisha kwa miguu hadi City Centre, kwenye ofisi moja ya misaada ambako bwana mmoja wa Malawi hushughulikia video. Nilimwomba awaandikie wale wa Ulaya, waulizwe tarehe ya picha. Akasema hata wao hawatajua. Picha inapita hewani, inapita mikono kumi, tarehe inadondoka njiani. Akanionyesha kompyuta yake. Miaka michache ijayo, anasema, kanda zitakwisha, kila mtu atakuwa na kamera ndogo, habari itafika kabla haijaandikwa. Alikuwa na furaha kweli. Nikauliza nani atasema picha hii ni ya lini. Hakuelewa swali. Nikauliza na kazi, maana wanasema Malawi nayo itaanzisha televisheni. Akasema wanatafuta watu wanaojua kompyuta. Nikasema zikomo, asante ya kwao, nikatoka.

Nimerudi na vumbi na njaa. Nawachukia wote, na dishi lao.

Jumanne, 19 Machi
Daftari la kanda, tulimoandika kila picha tuliyopiga na tarehe yake. Nilikimbia nalo, sijui kwa nini, wengine walibeba magodoro. Sikulifungua hata siku moja, kwa sababu miandiko iliyomo ni ya wenzangu na wengi wamekufa. Asubuhi hii nimelifungua. Ukurasa wa arobaini, mwandiko wangu: Muramvya, soko, foleni ya chumvi, Septemba 1993.

Nimempelekea Mama Fidès nyumbani, peke yetu. Hajui kusoma Kifaransa, nikamsomea polepole kwa Kiswahili. Kwenye chumvi akanishika mkono.

"Hiyo siku mi njo nilimutuma," akasema. "Chumvi iliisha."

Akakaa chini. Baadaye akaniambia niende.

Jumatano, 20 Machi
Hakuondoka. Kavaa kitambaa cheusi cha msiba. Tangu kukimbia hakuwahi kukivaa. Wanawake waliokuwa wakiimba wanapita kwangu bila salamu. Nimemwokoa mke na nimemzika mume. Sikusoma habari leo.

Alhamisi, 28 Machi
Mvua kidogo. Mama Fidès huenda kwa Papa Kasongo kila siku, anakaa mbele, anangoja waionyeshe tena. Hawajaionyesha. Wako kwenye nchi nyingine sasa.

Leo amekuja kwangu, mara ya kwanza tangu daftari. Akauliza ile picha ina urefu gani. Sekunde sita, nikamwambia. Akauliza kama sikupiga zaidi. Nilipiga. Mumewe alikuja hadi kwenye kamera, akasema maneno, watu wa nyuma yake wakacheka.

"Alisema nini?"

Sikumbuki. Habari ilikuwa ndefu, mtangazaji akalalamika, nikaikata mwenyewe, na juu ya ile kanda tukarekodi mpira.

Nimemwambia hivyo hivyo. Akashukuru, akachukua ndoo yake, akaenda kuteka maji.