Shanta Jepesi la Mkunga

Jumatatu, 6 Juni 1955

Gumba: nasikia. Cha shahada: kidogo. Cha kati: hapana. Cha pete na cha mwisho: nasikia. Mkono wa kushoto tu. Leo siku ya tisa najichoma pini kabla ya chai. Hakuna mabadiliko.

Kliniki, akina mama thelathini na mmoja. Nimewapima kwa mkono wa kulia zaidi. Hakuna aliyeona.

Ni shanta. Nina hakika. Shanta la kijeshi alilorudi nalo kaka yangu kutoka vitani, turubai nene, vishikizo vya chuma, mikanda myembamba. Mzee Salum alikuwa akinibebea mizigo ya safari, akaacha kazi mwezi wa pili kwa ajili ya magoti. Ofisi haikunipa mtu mwingine. Tangu hapo nabeba mwenyewe, kila mwezi, siku tano kwa miguu kutoka lori linapoishia Maneromango. Jioni ya siku ya tatu bega hufa ganzi. Mwanzoni ganzi ilikuwa ikiondoka asubuhi.

Jumanne, 7 Juni

Ninaandika jambo ambalo sijamwambia mtu.

Mwezi uliopita, kijiji cha Mzenga. Mwanamke wa mimba ya kwanza, uchungu tangu alfajiri. Nilimpapasa tumbo nikasema kichwa kiko chini. Zikatoka nyayo. Mtoto alikuwa wa buluu, nikampulizia, akalia. Nyumba nzima ikapiga vigelegele, bibi yake akanipa kuku. Niliona haya kumpokea yule kuku.

Miaka kumi na moja mkunga. Kichwa cha mtoto nakijua kama ninavyojua mlango wa chumba changu. Siku ile mkono wa kushoto haukuniambia kitu, na mimi nikajibu kana kwamba umeniambia.

Jumatano, 8 Juni

Metroni, mkuu wetu wa kliniki, amesema tena. Kama safari za miguu zinanichosha, atampeleka dresa, yule mfunga vidonda, mwenye baiskeli. Hakusema kwa ubaya. Lakini baiskeli kwenye mchanga ule itabebwa na mwenyewe. Na wale wanawake hawatamfungulia mwanamume mlango. Watazaa wakiwa wamejificha, kama walivyokuwa wakifanya kabla sijaanza kwenda.

Nikamwambia sijachoka.

Nahitaji shanta jepesi kabla ya tarehe 4 Julai.

Alhamisi, 9 Juni

Nimekwenda na shanta kwa Shirima, mtu wa kwetu Kibosho, ana duka la jumla la nafaka Mtaa wa Sikukuu. Tumelitundika kwenye mizani yake ya magunia. Limejaa: ratili thelathini na nane. Tupu: ratili tisa.

Ratili tisa za hewa.

Shirima amecheka, akauliza kama nataka kuhamia porini. Sikucheka.

Jumamosi, 11 Juni

Nimetandaza vyote juu ya mkeka. Stovu ya mafuta ya taa na chupa yake. Sufuria ya kuchemshia vyombo. Mikasi miwili. Mizani ya watoto. Pembe ya kusikilizia mimba. Mpira wa kutandika. Dawa katika chupa nne nzito za kioo. Pamba. Chemli. Daftari kubwa la vizazi. Shuka mbili, sare mbili, blanketi, unga, sukari, chupa ya maji, Biblia.

Bi Mwanaidi, mwenye nyumba yangu, alikuja na kahawa akasimama mlangoni akitazama.

"Mwanangu, kwani huko wanakopika hawana kuni?"

Stovu imetoka. Nimesafiri nayo miaka mitatu na sijawahi kufika kijiji kisicho na moto.

Akauliza tena kwa nini sibebi kichwani kama watu. Nikamwambia nesi mwenye sare habebi kichwani. Nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe niliona ni ya kipumbavu. Lakini saa sita kwa siku, kwenye njia ya vichaka inayokulazimisha kuinama, mzigo wa kichwani ungeanguka. Hilo ni kweli pia.

Dawa nitazihamishia kwenye vichupa vidogo. Daftari litabaki, nitabeba karatasi chache na kunakili nikirudi. Blanketi linabaki. Biblia nimeitoa, nimeirudisha, nimeitoa. Inabaki nyumbani. Zaburi ninazozihitaji nazijua kwa moyo.

Jumatatu, 13 Juni

Nimezunguka sokoni baada ya kazi kutafuta shanta. Mabegi ya ngozi ya shule: mazuri, madogo. Mashanta mengine ya jeshi: ndugu wa hilo langu. Vikapu vya ukindu: vyepesi sana, lakini mikanda yake inakata kama kisu.

Mtaa wa Kongo nimemkuta fundi Kanti, Mhindi mzee anayeshona maturubai ya malori na vivuli vya madukani. Mkewe humsukumia kitambaa upande wa pili wa cherehani. Nimemweleza. Hakuniuliza nataka rangi gani. Ameniuliza natembea maili ngapi na nini kinaniuma. Nikamwambia bega. Sikumwambia vidole.

Atanishonea la turubai jembamba, lile la mahema. Niende Ijumaa.

Ijumaa, 17 Juni

Shanta tupu: ratili mbili na nusu. Nimelinyanyua kwa kidole kimoja mbele ya fundi kama mtoto. Mkewe akatabasamu.

Pini: kama jana.

Jumapili, 19 Juni

Nimelijaribu. Nilitia mchele na mawe mpaka mizani ya Shirima ikasema ishirini na mbili. Nikatoka baada ya misa ya kwanza. Kariakoo, Ilala, nikashika Barabara ya Pugu mpaka jiwe la maili nane, nikageuka. Watu walinishangaa. Mwanamke mzima, viatu vya kazi, mzigo mgongoni, hana aendako. Pale Ilala mmoja aliniuliza kama nimefukuzwa kwangu.

Kwenda nilikuwa nafurahi. Jepesi kweli. Kurudi, maili ya kumi na mbili, mkono ulianza kuwasha, kisha ukafa mpaka kwenye kiwiko. Nimefika nyumbani siwezi kufungua vifungo.

Nimepunguza ratili kumi na sita na mkono umekuwa mbaya zaidi. Sielewi. Nimelia, nimenawa uso.

Jumatatu, 20 Juni

Gumba: kidogo. Shahada: hapana. Kati: hapana.

Naogopa. Niliseme wazi. Mimi sina mume, sina mtoto, mama yangu anakula kwa mkono huu.

Jumanne, 21 Juni

Bi Mwanaidi alinikuta nimekaa uani na shanta miguuni. Shikamoo yenyewe ilinitoka kwa shida. Nimemwambia kila kitu. Vidole. Nyayo za Mzenga. Alinisikiliza huku akichambua mchicha, mpaka mwisho. Kisha akanawa mikono, akaleta kanga.

"Simama. Livae hilo dubwana lako."

Nikalivaa. Akapitisha kanga chini ya shanta, akaizungusha nyongani mwangu, akakaza kama anayefunga mbeleko. Mikanda ya mabegani ikalegea. Mzigo ukakaa juu ya nyonga.

"Mtoto anabebwa mabegani?" akauliza. "Nimebeba saba. Hakuna hata mmoja aliyekaa begani."

Kumbe shida haikuwa ratili peke yake. Ni mahali zinapokaa. Mimi niliyewafunga wanawake mia mbeleko zao, sikuliona hilo.

Jumatano, 22 Juni

Fundi Kanti amemtazama Bi Mwanaidi akifunga kanga, mara mbili. Alimwomba afungue, afunge tena. Mkewe akasema neno kwa Kigujarati, fundi akapiga meza kwa kofi, akakubali. Atashona mkanda mpana wa nyongani, ndani ajaze sufi, na fito mbili nyembamba mgongoni ili mzigo usizame. Mikanda ya mabegani ataipanua vidole vinne, nayo sufi ndani.

Bi Mwanaidi na mke wa fundi waliachana wakiwa wameshikana mikono. Hawakuelewana lugha nusu ya wakati.

Jumapili, 26 Juni

Ratili tatu na robo likiwa tupu. Ishirini na moja limejaa, vitu vya kweli safari hii, si mawe. Nimekwenda jiwe la maili nane na kurudi. Nyonga zinauma. Mapaja yanauma. Bega halina neno. Mkono ni ule ule wa asubuhi, haukuzidi.

Nimepita kwa fundi kumwambia. Kafunga Jumapili, lakini alikuwa amekaa kibarazani. Aliinuka akanipa mkono.

Jumanne, 28 Juni

Gumba: nasikia. Shahada: kidogo. Kati: hapana.

Siku sita zimebaki. Nitakwenda. Nitapima kwa mkono wa kulia.

Alhamisi, 30 Juni

Siku mbaya.

Zuhura alikuwa nami chumba cha vipimo. Mkunga mpya, ana mwaka mmoja kazini, mtu wa Tanga, anacheka mno na wagonjwa. Sijapata kumpenda. Mama mmoja wa mtaa wa Gerezani, mimba ya miezi minane. Nilimpapasa kwa mikono yote miwili, mazoea ya miaka, nikasema kichwa chini, andika. Zuhura hakuandika. Akaja upande wa pili wa kitanda, akaweka mikono yake, akasubiri.

"Dada," akasema taratibu, "hebu rudia hapa juu."

Nikaweka mkono wa kulia pale alipoonyesha. Kigumu, cha mviringo, kinacheza chini ya vidole. Kichwa. Kilikuwa chini ya mbavu muda wote.

Yule mama hakuelewa. Zuhura akaandika. Hakunitazama tena na hakusema lolote kwa Metroni. Jioni nilimchukia kwa ukimya wake. Afadhali angenisema.

Ijumaa, 1 Julai

Sikwenda moja kwa moja kliniki. Niliteremka Kivukoni, nikasimama mnadani samaki wakipigiwa bei, sikusikia hata bei moja. Nikarudi.

Nimemwambia Metroni. Vidole, pini, Mzenga, mama wa Gerezani. Nilisimama, sikukaa. Alinishika mkono akanifumbisha macho, akanigusa kwa ncha ya kalamu, akaniuliza nasikia wapi. Mara nne sikujua kama amegusa.

Hakunifukuza. Amesema mshipa umebanwa, hurudi, unaweza kuchukua miezi. Mpaka urudi, sitamgusa mama yeyote. Halafu akasema kwa hiyo dresa aende.

Nikasema hapana. Nikasema Zuhura.

"Hajui njia," akasema.

"Mimi naijua. Nitakwenda naye. Miguu yangu haina ugonjwa."

Akavuta karatasi ya safari, akatia sahihi.

Sijui kama nimefanya vizuri. Najua kwamba nilipotoka nje nilipumua.

Jumamosi, 2 Julai

Nimempeleka Zuhura kwa fundi Kanti. Yeye mfupi kuliko mimi kwa kichwa kizima. Shanta lilimkaa makalioni. Nikamwona fundi anachukua mkasi na nikataka kumzuia. Limeshonwa kwa mgongo wangu. Nilitoka nje nikasimama kivulini mpaka mkasi ukanyamaza.

Fito zimekatwa, mkanda umepunguzwa. Zuhura akazunguka duka mara tatu akiwa nalo.

"Dada, hili kama sijabeba kitu!"

Akacheka. Mke wa fundi naye. Mimi nikamwonyesha jinsi ya kukaza nyonga kwanza, mabega baadaye.

Jumamosi, 9 Julai

Tumerudi. Vijiji saba, siku tano, kizazi kimoja. Naandika kwa kifupi, nimechoka.

Siku ya kwanza sikujua mikono niiweke wapi. Kutembea bila mzigo njia ile ni kama kwenda umesahau kitu. Zuhura aliimba. Siku ya pili niliacha kukasirika. Kila kijiji wanawake walinikimbilia mimi, na kila kijiji niliwaambia: mkono wangu unaumwa, wa huyu mzima, mpeni yeye. Baadhi walinuna. Mzenga, yule bibi aliniletea mtoto nimwone. Mnene, ana ghadhabu. Nikamwambia bibi kweli, kwamba nilikosea siku ile. Alinitazama. Akasema, "Lakini ulipuliza." Akaingia ndani kupika.

Kizazi kilikuwa siku ya nne, Vikumburu. Nilikaa kwenye kigoda kando ya mlango, mikono mapajani. Kichwa kikatoka, Zuhura akanyamaza. Yule anayecheka daima, akanyamaza.

"Dada, kitovu kimezunguka shingo."

"Kimekaza?"

"Sijui."

"Pitisha kidole. Kinapita?"

"Kinapita."

"Basi kivushe juu ya kichwa. Taratibu. Mama, usisukume. Hema tu."

Vidole vyangu vilikuwa vikifanya yote hayo juu ya sare yangu, peke yao. Kisha mtoto akalia. Msichana. Alipomaliza yote, kondo nalo limetoka, Zuhura alitoka nje, akakaa chini mchangani, akalia na yeye. Nilikaa pembeni yake. Sikuwa na la kumfundisha hapo.

Bega lake nimelikagua kila jioni. Vidole vyake vyote kumi vizima.

Jumapili, 10 Julai

Nimeamka jua limeingia mpaka kitandani. Misa ya kwanza imenipita.

Nimefua sare na shuka za safari. Kukamua kwa mkono mmoja hakuwezekani. Bi Mwanaidi ameshika ncha moja ya shuka, mimi nyingine, akazungusha kulia, mimi kushoto, maji yakamwagika uani. Tumeanika zote kabla ya saa sita.

Kesho kliniki saa moja. Zuhura atapima, mimi nitaandika kadi.