Mpaka Baba Akubali

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila mama anakohoa kidogo. Koo lako linaendeleaje huko hospitalini? Bado ni uji tu?

Shule nimemaliza, na miaka kumi na minane nimetimiza. Kwa hiyo nimeifungua ile divai nyeupe ya Uhispania uliyoniwekea tangu nizaliwe, kama ulivyoagiza. Imegeuka rangi ya dhahabu. Ni tamu kiasi, ina harufu ya matunda.

Mwanao,
Kimya

8 Machi

Kimya wangu,

Marahaba. Mpe mama pole. Mimi mzima kasoro koo. Tangu walipoanza kunichoma miale ya saratani, uji na dawa ni mamoja kinywani.

“Tamu kiasi” imeandikwa kwenye lebo, mwanangu. Miaka yote niliyowamiminia wageni pale hotelini, sijamsomea mtu lebo. Nionjee kweli. Wewe ndiwe ulimi wangu sasa. Na usiseme huna maneno. Ukibishana na mama yako unayo hata ya kukodisha.

Baba yako

12 Machi

Baba,

Shikamoo. Umeamkaje? Nimeonja tena, taratibu. Mama ananicheka: “Jamani, mtoto anatafuna divai!”

Inaanza asali, nikadhani imeishia hapo. Halafu likaja ganda la chungwa lililokauka, na mshumaa uliozimwa sasa hivi. Utamu unaondoka mapema, unabaki uchachu unaojaza mate mdomoni. Baba, inanukia kama koti lako la kazini, ulipokuwa ukirudi nami nikikurukia mlangoni. Kumbe miaka yote nilidhani ni harufu yako.

Sasa nimekumiminia glasi yako, kama unavyomfanyia mwenye meza hotelini: kidogo tu, aonje, kisha unasubiri akubali kwa kichwa ndipo wengine wamiminiwe. Mimi na mama hatuongezi mpaka uniambie kama nimepatia.

Mwanao,
Kimya

24 Machi

Baba,

Shikamoo. Afya sitakuuliza.

Juzi baba mdogo alirudi kutoka huko hospitalini, koti lako mkononi. Alimkabidhi mama, akaketi chini. Barua yangu ilikuwa kwenye mfuko wa ndani. Bahasha imefunguliwa. Sijui kama ulifika mwisho.

Nyumba imejaa watu. Shangazi anaosha kila chombo anachokiona, akainua na glasi yako. Unanijua, mbele ya watu hata salamu hunitoka kwa shida. Nikasema kwa sauti, sebule nzima ikasikia:

“Iache, shangazi. Baba bado hajakubali.”

Mwanao,
Kimya