Saini ya Mjomba kwa Safari ya Angani

Kijiji cha Bunduki, Uluguru, 3 Machi 2025

Mpwa wangu Semeni,

Shikamoo yako imefika, marahaba sana. Sisi wazima, ila mama yako goti humsumbua ukungu ukishuka. Baridi ya huko Amerika inakuacha salama?

Nasikia umeshinda kwa bahati nasibu kiti cha roketi ya watalii, kupanda na kushuka dakika kumi na moja. Mbona kidogo! Mimi nilipowabebea watafiti mizigo nililala kilele cha Kimhandu siku tatu. Mawingu yako chini yangu kama pamba imeanikwa. Nyota unazisogeza kwa kiwiko upate pa kulala. Darasa la nne langu hilihili, na wazungu wananiuliza mimi njia! Nenda, ukawaambie umetumwa na Dadi.

Mjomba wako,
Dadi

10 Machi

Shikamoo Mjomba,

Poleni na goti la mama. Mimi mzima, ila chakula hakipiti.

Kampuni inataka ndugu asaini kwamba anajua naweza nisirudi. Wameandika wazi: moto, hewa kukatika. Baba kasema hawezi kutia jina lake wakati mjomba mtu yupo, kwetu Uluguru mtoto ni wa mjomba. Mwisho tarehe ishirini.

Tangu nina miaka sita nayaota hayo mawingu yako. Ukisaini, nakwenda. Ukikataa, nabaki, na sitakununia.

Mpwa wako,
Semeni

19 Machi

Semeni, mwanangu,

Marahaba. Goti limepoa. Nimekawia, unisamehe. Karatasi kanisomea mwalimu Yustina, huyu anayekutumia picha ya barua hii. Pale penye hewa nilimwambia arudie.

Kileleni sikufika. Tulikuwa wabebaji wawili, mimi na Ernest wa Tegetero. Mvua ilitulowesha, akataka tushuke. Nikamwambia baridi haiui mwanaume. Baadaye akaanza kucheka, akavua koti, eti jua zuri. Nami nikacheka naye. Kisha akalala, hakuamka. Kwao nikasema ameteleza.

Jana nimekwenda kwa mama yake, nimemwambia. Alikuwa anapukuchua maharage. Akauliza, "Alikuwa anacheka kweli?" Nikasema ndiyo. Akanipa maji ya kunywa.

Nimesaini. Lakini huko hewa ikipungua, ukaona raha inakujia bila sababu, piga kelele. Hiyo si raha.

Mjomba wako

2 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Natumaini mama anatembea sasa. Karatasi ilifika. Barua yako nimeisoma mpaka naijua kwa moyo.

Juzi walitutia kwenye chumba cha mazoezi, wakapunguza hewa. Ikaja ile raha, Mjomba, tamu. Niliiona milima yetu yote inaelea, kijani, haina uzito, nikatamani nikae hapohapo. Nikainua mkono. Wenzangu wawili walikuwa bado wanatabasamu walipovishwa barakoa za hewa.

Tunaruka Jumamosi, saa kumi jioni ya huko. Usitoke nje kututazama, hatuonekani. Kaa na mama jikoni, msiondoke mpaka nipige simu.

Mpwa wako,
Semeni