Mjomba, Nimeupaka Ukuta Saruji

Mjomba,

Shikamoo. Nimechoka, ndiyo maana nimechelewa kukuandikia.

Ile nyumba uliyoachiwa na Mwingereza, ukaitunza miaka yote, imeharibika, na aliyeiharibu ni mimi. Baada ya kukuzika, niliona chokaa ni adha ya kila mwaka: kuiloweka, kuichuja, kuipaka, kisha masika yanaila. Nikamwita fundi apige lipu ya saruji kuta zote, nje na ndani, tumalize. Ulikuwa ukisema, "Ukuta wa chokaa unapumua, mwanangu. Usiuzibe pua." Mimi mwalimu wa shule nilidhani ni mzaha wa fundi mzee.

Sasa unyevu umepanda ndani ya matofali wala hauna pa kutokea. Lipu inavimba na kuanguka pamoja na vipande vya tofali. Ile dohani ndefu ya kutolea moshi, ambayo hapa Morogoro haikutufaa kitu ila kufuga popo, imepata ufa. Madirisha ya kupandisha yamekwama. Nakumbuka ulivyonionyesha vizito vya chuma vinavyoyainua, vilivyofichwa ndani ya fremu, ukacheka: Mwingereza kasahau baraza la wageni, lakini dirisha kalitengenezea mizani!

Jumamosi tulikutana ukoo mzima, pamoja na wanao. Wengi wanataka nyumba ibomolewe, vijengwe vyumba vya maduka. Walisema imezeeka. Ningeweza kunyamaza, Mjomba. Uzee wa nyumba ungenifichia kosa. Lakini binti yako Mwanahawa, aliyezaliwa chumba cha juu na asirithi hata mlango kwa kuwa desturi yetu ilinipa mimi mpwa, alikuwa ananitazama. Nikasimama, nikasema kweli: haikuzeeka, nimeiziba pumzi.

Mwanahawa akasema, "Haya, Mwalimu. Leo umesahihisha daftari lako mwenyewe."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa uchovu.

Wamenipa muda hadi masika niitengeneze. Mwanahawa anakumbuka vipimo vyako vya mchanga na chokaa. Mimi sikuwahi hata kuuliza. Tumeanza ukuta wa nyuma, yeye kashika patasi, mimi nyundo, tunabandua saruji kidogo kidogo. Jana tulipata upana wa mlango mmoja tu. Nikitua nyundo, hanihurumii.

Lala salama, Mjomba, Mungu akuwekee mahali pakavu. Nyumba ikisalimika, nitaiandikisha kwa jina la Mwanahawa mbele ya ukoo, wapende wasipende. Nimekwisha kumwambia. Akanielekeza tu pa kupiga nyundo.

Mpwa wako