Ota Kwanza, Shemeji

Shemeji mpendwa,

Kwa heshima na taadhima, na mbele ya mashahidi ambao ni mbuzi wetu wawili, ninatangaza kwamba msimu wa baridi umefunguliwa rasmi hapa Rungwe Mpya, Kasulu. Ufunguzi ulifanywa na mzee mwenyewe. Alitoka nje asubuhi, akatazama ukungu uliolala juu ya migomba, akarudi ndani, na alipotoka tena alikuwa amevaa lile koti lake. Unalijua. La mtumba, zito, lina kofia yenye manyoya, lilishonwa kwa ajili ya watu wanaoishi kwenye theluji. Akishalivaa halivui mpaka mvua za kwanza, na ndipo sisi wengine tunaruhusiwa kusikia baridi. Ukilalamika kabla ya hapo unaambiwa una malaria.

Najua huko Mbagala unasoma haya umefungua vifungo vya shati. Pole sana. Huku kikombe cha chai tunakishika kwa mikono miwili. Maharage yamepigwa na yako kwenye magunia, shamba limetuachia nafasi, na watu wazima wamebaki na kazi moja tu ya maana, kukaa jikoni. Mama anafukia viazi vitamu kwenye majivu ya moto, kisha anasahau alipovifukia, kisha anamshuku kila mtu. Jua likianza kushuka anaingia jirani yetu, Mama Odeta, yule ambaye wazazi wake walitoka Burundi, kigoda mkono huu, gogo mkono ule. Maana sheria ya mzee haijabadilika: anayekuja kuota moto aje na gogo lake. Ukimuuliza kwa nini, anakwambia moto wa bure ni jua.

Wewe ulikuja bila gogo. Dada Spesioza ananiambia kwamba nyumbani kwenu hadithi hii imepigwa marufuku, kwa hiyo itabidi nikukumbushe mimi.

Ulikuja kujitambulisha, majira kama haya, umevaa shati la mikono mifupi lililopigwa pasi likanyooka kama bati. Ulikaa sebuleni kidogo, mama akaona mikono yako imeota vipele kama kuku aliyenyonyolewa, akasema mgeni apelekwe jikoni. Mzee akakupa kigoda. Ukaanza hotuba uliyoiandaa tangu kwenu Tanga. Ulifika pale pa "nimevutiwa na malezi ya familia hii" meno yakaanza kugongana, na mzee akakukatiza.

"Kijana, ota kwanza."

Ukasogeza kigoda mbele. "Mzee, mimi nina nia ya kweli na binti yako."

"Ndiyo, ndiyo. Wewe ota tu."

"Yaani... niote?"

"Ota! Nani anakukataza kuota hapa kwangu? Ukishaota vizuri ndipo tutaongea."

Mimi nilikuwa pembeni nachochea moto, nikaona uso wako unaporomoka kama ukuta wa tope. Ukaomba kwenda kujisaidia. Chooni ulipapita bila hata kupatazama, ukakata shamba la muhogo, ukatokea barabarani. Nilikukuta umeshapanda bodaboda, begi umelikumbatia kifuani.

"Shemeji, unakwenda wapi?"

"Usiniite shemeji. Baba yako amenikatalia mbele ya watu. Ameniambia naota."

"Kwani hukuota?"

"Na wewe pia!"

Yule dereva wa bodaboda, Muha wa hapa hapa, ndiye aliyegeuka akakutazama kwa huruma ya kweli. "Kaka, umekaribishwa kuota ukakataa? Baridi yote hii?"

Ulitaka kumpiga. Ungempiga, angekuwa ameonewa. Kwa Kiha, shemeji, kukaa kwenye moto ni *kwota*, na kuona mambo usingizini ni *kurota*. Maneno mawili, kila moja lina kazi yake na halimwingilii mwenzake. Kiswahili chenu cha pwani kimeyatia yote kwenye gunia moja, kikaongeza na mimea na vipele, halafu mnatushangaa sisi tunaojifunza. Mzee hakujua kwamba ukimwambia kijana wa mjini "unaota" umemfukuza. Alichokiona yeye ni mtu anayetetemeka.

Nilikueleza, ukashuka, tukarudi kwa miguu. Mzee akakuuliza kama choo ulichotumia kilikuwa Kasulu mjini. Ukakaa. Ukaota. Mama akakupa kiazi kutoka majivuni, ukakiuma mapema mno, ukaomba kumuoa dada yangu mdomo ukiwa wazi kama samaki, na mzee akasema ndiyo kabla hujameza. Sijawahi kusikia posa iliyoeleweka kidogo hivyo ikakubaliwa haraka hivyo. Dada alikuwa nyuma ya mlango akicheka mpaka akakaa chini.

Sasa sikiliza. Harusi ulikuja, ilikuwa mvua. Ubatizo wa mtoto ulikuja, lilikuwa joto. Majira ya baridi anakuja dada na watoto, wewe unatuma salamu na nazi. Nazi tunazipokea vizuri, mama amejifunza kuzikuna. Ila kila mwaka mzee akishavaa koti anachagua gogo moja zuri, analiegemeza kwenye ukuta wa jikoni kwa nyuma na kusema, "Hili la mkwe. Atawezaje kubeba gogo kutoka Dar kwenye basi?" La mwaka huu ni nene kuliko yote, la mti ambao anaapa mchwa hawaugusi. Mama Odeta alijaribu kulisogelea siku kuni zilipopungua.

"Mama, hilo lina mwenyewe," mzee akamwambia.

"Mwenyewe yuko wapi, na moto ndio huu unazimika?"

"Yuko njiani."

"Njia gani hiyo isiyokwisha?"

Mzee akavuta kofia ya koti mpaka kwenye nyusi. Baadaye tulipobaki wawili akaniuliza, huku anatazama makaa, "Hivi mkwe bado ana kinyongo na moto wangu?" Nikamwambia hapana, ni kazi tu. Akasema, "Kazi," kama mtu aliyeonja maharage yasiyo na chumvi.

Najua huna kinyongo. Najua unaogopa baridi, na unaogopa zaidi kuchekwa. Lakini yeye hajui, na mimi nikimweleza anadhani nakutetea. Haya si mambo ya kumalizwa na shemeji kwa simu.

Na kuna jambo jingine nililoliona kwa macho yangu. Mzee anafanya mazoezi. Amemuuliza mjukuu wake anayesoma sekondari Kiswahili safi cha kumkaribisha mtu motoni, na sasa asubuhi akiwa zizini anawaambia mbuzi, taratibu, kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Karibu, mkwe, upashe mwili joto." Anasimama. Anaanza tena. Pale pa "upashe" ulimi unamkwama, anasema "upache," anajikemea, anarudia. Mbuzi wanamsikiliza kuliko alivyowahi kusikilizwa na sisi.

Kwa hiyo shule zikifungwa, panda basi na mkeo na watoto. Njoo na soksi. Nimekosa mtu wa kumtania. Nikimtania Mama Odeta ananijibu, na majibu yake yanauma wiki nzima. Nataka nione watoto wako wananuka moshi, nyuso zina masizi, wanagombania kiazi ambacho mama amesahau alikokifukia. Nataka nikuone kwenye kile kigoda, magoti yamefika masikioni, mzee anasimama na koti lake, anakohoa kidogo, na kukusomea sentensi yake. Tafadhali usicheke. Akikosea pale pa "upashe," itikia kama hujasikia kosa, kisha mwambie umekuja kuota. Mwambie hivyo hivyo, kwa neno lake.

Msalimie dada. Waambie watoto mbuzi wanawafahamu kwa majina.

Ni mimi, shemeji yako, mchochea moto.

Nusura nisahau: leo nimeligeuza lile gogo lako. Upande wa ukutani mchwa wamelimaliza.