Shikamoo Iliyonishtua

Alhamisi, Ujiji. Mvua imekatika tangu adhuhuri, lakini ziwa bado limechafuka na upepo unapiga madirisha.

Assalaam alaykum wapenzi wasomaji wangu, na nyinyi wasomaji wangu wa kanisani, habari za siku? Wazima? Mafua yamewaacha? Huku kwangu mwili mzima, alhamdulillah. Moyo ndio sijui niuseme vipi. Tangu jana nimekaa kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi mgongoni.

Mnajua kwamba nasoma. Nimeshawaeleza humu kwamba, kwa umri wangu huu na darasa la saba langu, nimejiunga na mafunzo ya malezi ya watoto wadogo kwa njia ya simu, ili vile vitoto ninavyovilea hapa uani nivilee kwa cheti. Kazi nyingi tunafanya kikundi. Chetu kina watu wanne. Mimi ndiye kiongozi, kwa sababu ya domo langu tu. Yuko Felisia wa Kalinzi, mkulima wa kahawa anayefundisha watoto kanisani kwao. Yuko mzee Onesmo wa Katubuka, mwanamume pekee, mtani mkubwa. Na yuko Konsolata, mkimbizi kutoka Burundi, yuko kambini upande wa Kasulu.

Hatujawahi kuonana. Tunajuana kwa sauti.

Kila asubuhi kabla ya kazi tunasalimiana kwa sauti kwenye kundi, mmoja mmoja. Felisia na "Mwidiwe" yake ya Kiha, Onesmo na kicheko chake, na Konsolata, sauti nzito ya kukwaruza kidogo: "Amahoro, wadogo zangu." Picha yake kwenye simu ni ya Bikira Maria. Kwa ile sauti, na kwa habari za wajukuu na mgongo unaomuuma, nilijua ni mtu mzima kunishinda. Nikamwita dada. Akaniita mdogo wangu.

Niungame hapa. Huyu dada nilimfungulia moyo kuliko nilivyowahi kuufungua kwa ndugu zangu wa tumbo moja. Nilimtumia sauti zangu pembeni, nje ya kundi. Nilimwambia kwamba baada ya mume wangu kufariki kuna siku nilitandika msala, nikasimama, na moyo ukakataa kuswali. Jambo hilo hata humu sijawahi kuliandika. Akanijibu, "Mdogo wangu, Mungu hakimbii mtu aliyenuna." Nilicheka na machozi yakanitoka.

Basi jana mkufunzi wetu, kijana mpole ila mkali wa kanuni, alitutaka wote kwenye video. Kila mtu aonyeshe sura, aeleze sehemu yake ya kazi. Kazi yetu ilikuwa vifaa vya kumfundisha mtoto kubwa na dogo. Mimi nilikuwa na visoda na kokwa za chikichi. Konsolata alikuwa ametutumia picha za ng'ombe wa udongo, wakubwa kwa wadogo, wazuri mpaka Onesmo akauliza kama wanatoa maziwa.

Nilivaa mtandio wangu mzuri. Nilikuwa na hamu ya kumwona dada yangu, wallahi, kama mtu anayepokea mgeni wa bandarini.

Kioo kikafunguka. Msichana. Binti mdogo kabisa, nywele kazisuka, mtoto mchanga kwapani. Akanitazama akasema:

"Shikamoo, mama Ramla."

Shikamoo! Mimi, mdogo wake!

Badala ya marahaba nikasoma jina chini ya sura yake: Konsolata. Onesmo, hajui pa kunyamaza, akasema, "Konsolata, hiyo dawa ya ujana umeinunua wapi? Nitumie na mimi." Kicheko chake mwenyewe kilikoma katikati.

Mkufunzi akaendelea. Akamuuliza binti, wale ng'ombe udongo wake ulichanganywa na nini hata usipasuke? Binti akatazama chini. Akatazama pembeni. Na kutoka huko pembeni, nje ya kioo, ikaja sauti ya kunong'ona, nzito, ya kukwaruza:

"Mchanga. Sema mchanga."

Ilikuwa sauti ya dada yangu.

Nilihisi kama mtu aliyesikia marehemu akiita. Mkufunzi naye alisikia. Akauliza, "Nani huyo?" Kisha akanigeukia mimi: "Kiongozi, huyu ndiye mwenzenu mliyefanya naye kazi hii?"

Nikamwomba anipe muda. Akanipa mpaka leo saa kumi, nijibu kwa sauti yangu mwenyewe, na akaonya kwamba kikundi kitakachoficha kitafutiwa kazi yote.

Nilipiga simu hapohapo. Akapokea yule binti, analia. Nikasema mpe huyo aliye pembeni yako. Akampa.

Wasomaji wangu, jina lake ni Daforoza. Ni mama mkwe wa Konsolata. Konsolata ndiye aliyejiandikisha, ndiye mwenye vyeti vya sekondari, na majaribio ya peke yake anayaandika mwenyewe. Lakini wiki ile tulipogawanywa vikundi, yeye alikuwa amejifungua. Na mzazi kwao, kama kwetu, hashiki jembe. Anachotewa maji, anapikiwa, analimiwa shamba lake mpaka atoke arobaini. Mama mkwe akaichukua ndoo, akalichukua jembe, akaichukua na simu.

"Niliona ni kazi ya nyumba hii kama nyingine," aliniambia. "Mliita jina la mwenye simu, mimi nikaitikia. Mtu akiita mlangoni na mwenye nyumba amelala, si unaitikia?"

Nikamuuliza, na arobaini ilipokwisha?

"Nilikuwa nimeshawazoea," akasema. "Hasa wewe."

Nikashtuka tena, mshtuko wa pili, mbaya kuliko wa kwanza. Simu ni moja. Sauti zangu zote zimo humo. Nikataka arudishiwe binti, nikamuuliza anazisikia? Akasema ndiyo, mama, anapoishika simu kuandika majaribio. "Ile ya msala niliisikia. Nililia."

Nilikata simu. Nilijiona kama nimetembea sokoni Mwanga bila khanga.

Usidhani nilikuwa na hasira tu. Nilimwogopea yule binti. Nikisema kweli, atapoteza nafasi yake. Nikisema uongo, nitakuwa nimetoa ushahidi wa uongo, mimi ninayewafundisha vitoto vya watu kwamba mdomo ni amana. Onesmo alinipigia asubuhi: "Mama Ramla, sema ndiye. Si wanakaa nyumba moja? Basi ni yeye yule." Felisia alipoambiwa akafoka, "Wewe mzee, cheti chako ukipate kwa kunitia mimi dhambini?"

Niliswali adhuhuri, nikakaa palepale juu ya msala muda mrefu. Kilichonijia si jibu, ni kumbukumbu. Nilipokuwa kwenye eda, nimefungiwa ndani na msiba wangu, jirani yangu alikuja kila alfajiri akaumua unga, akapika vitumbua, akavipeleka kwa wateja wangu. Wateja walijua ni vitumbua vya mama Ramla. Hakuna aliyesema nimewadanganya. Kwetu huo ni ujirani.

Lakini mkufunzi hakuwa ameniuliza juu ya vitumbua. Aliuliza kama ni huyu.

Nikawapigia kwanza kambini, nikawaambia nitakalosema, nisije nikawasema nyuma ya migongo yao. Binti alisema sawa mama. Halafu nikajirekodi. Nikasema: si huyu. Nikaeleza yote, uzazi, arobaini, jembe, ndoo, simu. Nikamwambia, mwalimu wangu, kwenu hili linaitwa udanganyifu na sina la kubisha, lakini aliyelifanya alidhani anamsaidia mzazi. Nikatuma kabla sijapata nafasi ya kujionea huruma.

Jibu lilikuja kabla ya alasiri kwisha. Amesema ameelewa, na sauti yake ilionyesha kweli ameelewa. Ila kanuni haimjui mzazi. Sisi watatu alama zetu zinabaki. Konsolata hafukuzwi, lakini muhula huu wote umefutwa, ataanza upya na kundi lijalo.

Nikashusha pumzi. Nikadhani tumepona.

Nikampigia binti kumpa moyo, nikamwambia kundi lijalo si mbali, utaanza ukiwa na nguvu, mtoto ameshakaa. Akaniacha nimalize. Halafu akasema kwa upole, bila lawama hata kidogo:

"Mama, watu huku wanajiandikisha kurudi nyumbani. Kundi lijalo sijui litanikuta wapi."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Mimi Ujiji nimezaliwa, Ujiji nitazikwa, inshallah. Kwangu "muhula ujao" ni neno la kawaida kama kesho kutwa. Sikujua kwamba kuna watu neno hilo haliwafai.

Nimesema kweli, na kweli imemchukulia mtu miezi yake. Sijutii. Wala sina amani. Vyote viwili vimo kifuani mwangu na hakuna kinachomsogelea mwenzake.

Nikaomba kuzungumza na mama mkwe. Binti akasema amekataa kuishika simu. Amesema si yake, haikuwa yake tangu mwanzo. Yuko nje anafinyanga, na akiitwa anajifanya hasikii.

Na leo asubuhi, kabla hata sijamjibu mkufunzi, kwenye kundi tulisalimiana watatu. Baada ya kicheko cha Onesmo sote tulisubiri. Hata Onesmo alisubiri.

Sasa, wasomaji wangu wengine, mnisamehe, maneno haya ya mwisho ni ya mmoja tu. Konsolata, binti yangu, anwani ya ukurasa huu nimekutumia. Ukishamlaza mtoto, kaa karibu na mkweo umsomee, polepole, hata akigeuka upande.

Dada Daforoza, shikamoo. Leo nakuamkia mimi. Mgongo haujambo? Sijakasirika tena. Niliulizwa mbele ya Mungu nikajibu, lakini sikuulizwa kama wewe ni dada yangu, na hilo ningelijibu bila kuomba muda. Nimeipata namba ya jirani yenu kwa binti, anasema hana choyo na simu yake. Nitaipiga asubuhi, wakati wetu ule ule. Safari hii nitaita Daforoza.

Tafadhali itikia. Na kama asubuhi ni mbali, nijibu leo, upesi, neno moja linanitosha.